Mwalimu Theresia Haule na Majani ya Kivumbasi

Dada yetu Theresia Haule alizaliwa Peramiho, Songea, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa Mzee Gervas na Mama Benigna. Alisoma hukohuko, kisha akachukua stashahada ya ualimu wa sayansi. Mwaka 1994 alipangiwa Mtwara kufundisha kemia. Alituaga akisema atakaa mwaka mmoja tu, halafu aombe uhamisho.

Mwaka 1997 alifunga ndoa na Petro Komba, mfanyakazi wa bandari, wakajaliwa Witness na Amani. Shemeji Petro ndiye aliyevumilia chupa za mafuta ya nazi dirishani. Marehemu alitaka wanafunzi wajionee kwamba majani ya jamii ya mnanaa, kama mrehani na kivumbasi, yana kemikali zinazochelewesha mafuta kuchacha. Chupa moja aliitia majani yaliyokaushwa kivulini, nyingine akaiacha hivihivi. Mgeni alinusishwa zote mbili kabla ya kupewa hata maji ya kunywa.

Habari zikafika kijiji cha Ziwani. Mkulima mmoja wa huko, Bi Mwanaidi, aliposikia majani yana nguvu, aliacha vidonge vya presha akawa anakunywa kivumbasi tu. Alianguka shambani akiokota korosho, na mkono wa kushoto ukapooza. Marehemu aliumia sana. Alikwenda kumuuguza, na tangu hapo hakuyasifu majani mbele ya watu bila kuwahimiza wasiache dawa za hospitali. Wawili hao wakawa kama ndugu.

Mwaka 2022 aligundulika ana saratani ya matiti. Matibabu yalimchosha, nywele zikaisha, na baadhi ya jamaa wakamsihi aachane na dripu, atumie majani yake mwenyewe.

"Yalizuia mafuta yasichache kwenye chupa," aliwajibu. "Mimi si chupa, jamani."

Aliendelea na matibabu, nasi tukapata naye miaka miwili zaidi. Tunamshukuru Mungu mno kwa miaka hiyo.

Alifariki nyumbani, Mtwara, alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja aitwaye Zawadi, na Bi Mwanaidi, aliyekuwa kando ya kitanda akimshikia kikombe kwa mkono wake mzima. Neno la mwisho la marehemu lilikuwa kumuuliza kama amemeza vidonge vyake vya presha.

"Nshameza, mwalimu," alijibu Bi Mwanaidi. "Sasa pumzika."

Nasi tunamwambia hivyohivyo. Amina.