Lemayian, Usikae Kuningojea

Sogeeni, wanangu, maana pumzi yangu siku hizi inatoka kwa awamu, na atakayekaa mbali atapata nusu ya urithi. Mimi baba yenu Lesikar, niliyechekesha harusi zote kuanzia Sambasha mpaka Kisongo, leo nimefungwa kwenye kiti hiki kama ndama mgonjwa: nikilala nazama kwenye maji ya kifua changu mwenyewe, nikisimama miguu imevimba haiingii hata kandambili. Moyo umechoka kusukuma, na vidonge vya enalapril vinaupunguzia mzigo, ila ujana havirudishi.

Ng'ombe mgawane kama mama yenu alivyokwisha kuwaonyesha. Boma hili ni la Lemayian, kitinda mimba, ndivyo desturi yetu ilivyo. Naisiae, ule mpaka wa migomba niliogombea na baba yako mdogo mwachie. Nimechoka kumnunia mtu ninayemwona dirishani kila siku.

Sasa wewe Lemayian, usiangalie chini. Ulipimwa presha ikaonekana iko juu, ukapewa vidonge kama vyangu, vikakuletea kikohozi kikavu, majirani wakanong'ona kifua kikuu, ukaviacha ukahamia kwenye supu ya mizizi. Supu ni tamu, hata mimi naitamani, lakini jana umepanda kutoka mtoni ukaegemea ua unahema kunishinda mimi, na mimi ndiye ninayekufa. Dada yako Naisiae naye alikohoa hivyo hivyo. Alirudi akamwambia daktari, "Hiki kidonge kinanibwekesha," akabadilishiwa dawa, kikohozi kikaisha na presha ikatulia. Wewe uliona aibu kusema.

Najua utaniambia, "Baba, kitinda mimba haondoki mzee akiwa hivi, baraka atapokea nani?" Ndiyo hivyo nimekushika, nawe umenishika, tunakaa humu ndani wawili tunavimba pamoja. Sitaki. Naisiae, lete maziwa... kishike wewe kibuyu, mkono hauinuki. Inama, Lemayian. Haya, nimekutemea maziwa ya baraka, yamekuangukia shingoni... usiyafute. Ubarikiwe, wewe na watakaozaliwa kwako, na ng'ombe wako... wasikose majani.

Sasa toka. Dispensari bado iko wazi. Usigeuke kuniangalia. Naisiae, mfungulie mlango... uache hivyo hivyo, nimwone akiteremka.