Patasi Iliyong'arishwa kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, wazee wetu wa Gerezani na Kariakoo, shikamooni, Bwana Tulsidas na majirani wafanyabiashara, ndugu wanaushirika:

Mimi ni Candida, katibu wa ushirika huu wa wakereza mbao. Nilikuwa na hotuba ndefu. Mtanisamehe nikiikata, kwani tangu nisimame hapa moyo wangu hautulii, na sababu yake iko juu ya ile meza yenye kitambaa cha kijani.

Mnajua tulivyoanza. Patasi za kukerezea zilipoadimika madukani, hata Bwana Tulsidas akabaki kutuuzia misumari na maneno matamu, tulifanya nini? Tuliingia kwenye vyuma chakavu hapa Gerezani, tukaokota springi za malori na tupa zilizokwisha meno, tukazigeuza patasi. Matendegu ya vitanda vya nusu ya Kariakoo yamekerezwa kwa takataka hizo, na sijasikia kitanda kilicholalamika.

Lakini tupa kuukuu ina hila. Ukishaichonga, ukaipasha mpaka ikawa nyekundu na kuizamisha katika mafuta, huwa ngumu mno, nayo huvunjika kama kigae. Lazima isuguliwe masizi yatoke, kisha irudishwe motoni polepole, mpaka uso wake mweupe upate rangi ya chai isiyo na maziwa; hapo ndipo inapoweza kuhimili mti unaozunguka mashineni. Na sisi tulijifunzaje? Mume wangu Filbert, huyu aliyeketi mbele, aliijaribu ya kwanza bila kuirudisha motoni. Ikakatika, kipande kikaruka. Jicho lake la kulia halikupona. Tangu hapo ni yeye anayezirudisha zote motoni, na hampi mtu patasi yenye uso mweupe.

Sasa, Mheshimiwa, jana kwenye benchi kulikuwa na patasi mbili mpya za tupa. Moja ilikwisha kurudishwa motoni, nyingine ilikuwa ikingoja. Ndugu Awadhi wa kamati ya mapokezi, ambaye kwa usafi hana mpinzani na namsifu mbele yenu, aliona si heshima mgeni rasmi kupewa chombo chenye rangi ya chai. Akachukua msasa, akazisugua zote mbili zikawa nyeupe pe, akachagua moja akaifunga utepe. Amenieleza hivi punde aliponiletea maji, tena kwa furaha. Nikamuuliza amechagua ipi.

"Dada Candida," akasema, "zote zinang'aa."

Basi hii iliyo mezani ni ipi? Sijui. Filbert naye hawezi kujua kwa kuitazama, na nimemwona akinyoosha shingo tangu nilipoanza. Ratiba inasema kwamba nikimaliza utaishika, utaiinamia mashine, na utakereza tendegu la kwanza.

Ndugu zangu, naogopa, na sioni haya kusema hivyo. Leo Mheshimiwa atatamka kama jengo hili libaki kwetu au lifanywe ghala, na wenzangu wamenitolea macho nimalize vizuri. Gari linaunguruma nje, anangojwa Kivukoni. Nani anapenda kumwambia mgeni wa namna hii kwamba mambo yamekwenda kombo?

Hata hivyo, Mheshimiwa, nakuomba usiishike. Zikirudi motoni zote mbili, ile iliyokwisha kupita haitadhurika, na nyingine itakuwa salama. Tungoje mpaka Filbert aione rangi. Kama huna nafasi, kata utepe wa mlangoni uende zako kwa amani, na utakaloamua juu ya jengo tutalipokea, hata kama litatuumiza. Mimi kila asubuhi namwona mtu akipapasa meza kutafuta kikombe kilicho upande wake wa kulia. Patasi hiyo sikupi.

Filbert, ichukue, ukawashe moto. Nanyi nyote mlionisikiliza, nawashukuruni sana.