Namba Mbili ya Selina

Wasikilizaji wapendwa, habari za alasiri. Poleni na upepo. Hapa Karatu leo vumbi limeingia mpaka studio, meza nimeifuta mara mbili na bado ni nyekundu. Mimi ni Godson wenu. Sauti mnaisikia ilivyo. Nimechoka, na sitajifanya sijachoka.

Leo ni Alhamisi. Kila Alhamisi, saa kumi na robo, simu hii iliyo mbele yangu ilikuwa inaita, na anayepiga alikuwa Selina. Selina Tluway wa Kansay. Leo haitaita. Selina Tluway alifariki wiki tatu zilizopita kwa nimonia, akiwa na miaka arobaini na moja. Leo tunamkumbuka.

Kwa wale mliotufungulia kwa mara ya kwanza, mlioko Mang'ola kwenye vitunguu, mlioko Kakesio na mifugo, ngoja niwaeleze. Selina alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu. Miaka kumi na sita anatandika vitanda na kusugua mabafu. Lakini ninyi hamkumjua kwa vitanda. Mlimjua kwa mashujaa. Wale watu wa sinema wanaoruka angani, wanaovaa nguo za kubana na kunyanyua malori kwa mkono mmoja. Selina alikuwa na maoni kuhusu hao watu, na maoni yenyewe hayakuwa na adabu hata kidogo.

Mambo yalianzia chini ya kitanda. Ulikuwa mwaka wake wa pili kazini. Familia moja ya wageni ilikuwa imeondoka asubuhi kwenda kreta kuona wanyama, na mtoto wao akasahau kitabu cha katuni. Utaratibu wa hoteli ni kwamba kitu alichosahau mgeni kinakaa kabatini miezi mitatu. Mwenyewe asipokiulizia, anapewa aliyekiokota. Wenzake walikuwa wanaondoka na miwani, chaja, viatu vya kupandia mlima. Selina alikuwa anataka vitabu vya katuni tu. Hata chaja yake alikuwa tayari kuitoa apewe kitabu. Wenzake wakaona dada wa watu hayuko sawasawa.

Kaka yake, Paskali, aliniambia hivi: "Alikuwa na sanduku la bati, lile la shule. Ndani hakuna hata kanga moja. Vitabu vitupu. Mjomba wetu alidhani ni vya dini, akawa anamsifu."

Alivisoma kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne na kamusi isiyo na jalada. Na hakuwahi kupata hadithi ikakamilika, maana mtoto wa mgeni hasahau vitabu kwa mpangilio. Anaacha namba saba ya huyu, namba tatu ya yule. Miaka ilivyokwenda, sinema za mashujaa haohao zikaanza kufika Karatu, madereva wa watalii wakizileta kwenye flashi. Selina akaziangalia kwenye televisheni ya kantini ya wafanyakazi, siku zake za mapumziko. Akaziangalia zote. Halafu akanipigia simu.

"Kaka Godson, mimi swali langu ni moja," alisema ile siku ya kwanza. "Wamepigana, wamevunja mji mzima. Maghorofa yamelala chini. Halafu wanaenda kula. Nani anafagia?"

Nikacheka. Nikamwambia, dada yangu, hiyo ni sinema.

"Najua ni sinema. Nauliza nani anafagia. Mimi mgeni akimwaga karanga kwenye zulia nainama nusu saa. Hawa wamemwaga mji."

Akaniambia kwamba katika kitabu kimoja cha zamani, pembeni kabisa mwa ukurasa, kuna picha ndogo ya mzee ameshika ufagio, anatazama vifusi. Hana jina wala hasemi neno. Lakini aliyechora alimkumbuka. "Sinema haimkumbuki," alisema Selina. "Kamera inamfuata anayeruka."

Basi ikawa desturi. Kila Alhamisi, saa kumi na robo. Alhamisi nyingine alilalamikia barakoa. "Kitabuni mtu anaficha uso mpaka mama mwenye nyumba wake hamjui. Sinemani kila dakika tano anavua. Anavua kwa nini? Kwa sababu uso wameulipia!" Alhamisi nyingine akalalamika kwamba siku hizi mashujaa wanajazana kumi na watano kwenye sinema moja. "Kama vikao vya harusi vya ninyi Wachaga, kila mtu ni mwenyekiti wa kitu fulani." Nikamwambia, dada, na sisi tunasikia. Akasema, sikieni tu.

Kuna mpakiaji wa vitunguu wa Mang'ola alipiga akasema huyo mama anatupotezea muda, pigeni muziki. Selina akarudi hewani wiki iliyofuata: "Mwambie hata vitunguu vyake vinatutoa machozi bila sababu."

Lakini kilichokuwa kinamchosha kuliko vyote ni kwamba hawafi. "Mtu anakufa, watu wanalia, muziki wa huzuni, halafu sinema inayofuata huyo anakuja anatabasamu. Kaka Godson, mimi machozi yangu sitoi tena. Nikiona shujaa amekufa, nakaa namngojea mlangoni. Msiba gani huu usio na matanga?"

Niliwahi kumuuliza, kama zinakuudhi hivyo, kwa nini unaangalia? Akasema, "Naangalia ili nikirudi kwenye vitabu nivipende zaidi. Nikimaliza vyumba kumi na viwili mgongo huu si wangu. Sinema inanikimbiza kama mbuzi. Picha ya kitabuni haikimbii. Inanisubiri."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye namba mbili. Wengi mnaijua. Nairudia kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa leo.

Kile kitabu cha kwanza cha chini ya kitanda kilikuwa namba moja. Shujaa wake Selina alimpa jina mwenyewe, Mshika Daraja. Mwisho wa kitabu daraja linavunjika. Mkono wa kulia Mshika Daraja ameshika basi la wanafunzi. Mkono wa kushoto amemshika mama yake mzazi. Chini ni maji. Kitabu kinaishia hapo. Miaka michache baadaye Selina akapata namba tatu, chumba kingine, mtoto mwingine. Anafungua, Mshika Daraja ana mkono mmoja. Wa kushoto haupo. Na hakuna anayeeleza.

"Alimwachia mama, au hakumwachia?" Hilo ndilo lilikuwa swali la Selina. Jibu liko namba mbili, na namba mbili hana. Tangu kipindi hiki kianze, karibu miaka kumi, kila Alhamisi alikuwa anamalizia hivyohivyo: "Madereva mnaonisikia, mkipata mgeni wa maana, muulizeni namba mbili." Nami namjibu, vuta subira, dada.

Wiki ya Pasaka mwaka huu, dereva mmoja wa watalii, Kimaren, akaingia hapa ofisini na bahasha. Kimaren ni kijana wa Kakesio, mnamjua kwa salamu zake. Alikuwa amemwomba mgeni wake, na yule mgeni akarudi kwao, akakitafuta, akakituma na rafiki yake. Namba mbili. Yenyewe. Ndani ya nailoni.

Kimaren akasema, "Mpe dada yetu leo."

Nikasema hapana. Na hili nalisema hewani, maana nililifanyia hewani. Nikasema, mwezi wa nane kipindi kinatimiza miaka kumi. Tutamwita Selina studio, tutamfumba macho, tutampa kitabu mbele ya wilaya nzima. Nikaona litakuwa jambo kubwa. Sherehe yangu, niseme kweli. Kimaren akanitazama, akasema, "Mzee, kitabu ni cha kwake." Nikamwambia usijali. Nikakifungia kwenye droo hii hapa chini ya goti langu.

Baada ya hapo Selina alipiga simu Alhamisi kumi. Kumi, nimezihesabu. Kila moja aliuliza namba mbili. Na mimi, kitabu kikiwa hapa chini ya goti, nikamjibu, vuta subira, dada. Mara nyingine nilicheka. Wale mlioshangaa Godson anacheka nini, nilikuwa nachekea hicho.

Alhamisi ya kumi na moja simu haikuita. Nami kwa mdomo wangu huu nikasema hewani, "Leo Selina wetu amesusa. Labda kuna sinema imemuudhi mpaka amepoteza sauti." Mlinisikia. Selina alikuwa amefariki asubuhi ile, nyumbani kwao Kansay. Aliugua siku tatu tu, ile baridi ya mwezi wa sita.

Jumamosi nikaenda kuzika. Kimaren alinipeleka kwa gari, na njia nzima hakunisemesha. Kitabu kilikuwa ndani ya koti. Nilikuwa nimepanga kukiweka kwenye jeneza kimyakimya, nisionwe, yaishe.

Mama yake Selina alikuwa amekaa kwenye mkeka na kinamama wa jumuiya. Mama anaongea Kiiraqw, Kiswahili chake ni cha kusalimia tu, kwa hiyo Paskali alikuwa anatafsiri. Nikampa pole. Akashika mkono wangu, akasema, "Wewe ni yule wa redio. Alhamisi niliwasha. Nilikuwa nimekaa na mwili wa mwanangu, na redio nikaiwasha kwa mazoea. Nikakusikia."

Jamani. Sikujua uso niuweke wapi.

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Pasaka, droo, Alhamisi kumi. Paskali alitafsiri, na alipofika katikati ikabidi anywe maji. Nikatoa bahasha. Nikasema, Mama, naomba nimwekee kwenye jeneza aende nacho.

Mama akakigeuza kile kitabu huku na huku. Akasema, "Ataondokaje na kitu ambacho hatujui kimeandikwa nini? Soma."

Basi nikasoma. Palepale kwenye mkeka, mbele ya msiba. Kurasa thelathini na mbili. Mimi natoa Kiingereza naweka Kiswahili, Paskali anatoa Kiswahili anaweka Kiiraqw, na kinamama wanasogea kuona picha. Walioshika sufuria za makande wakasimama na sufuria zao.

Na nitawaambieni ukweli, wasikilizaji wapendwa. Kitabu kile ni kibaya. Ni kibaya sana. Mnajua mkono ulikwenda wapi? Ukurasa wa nne tunaambiwa yule wa darajani hakuwa Mshika Daraja. Ni pacha wake. Pacha! Hajawahi kutajwa hata siku moja. Anaibukia hapo, wanapigana kurasa ishirini, wanavunja stendi ya mabasi na soko, mkono wa Mshika Daraja unakatika, kwisha.

Mama akauliza, "Na mama yake?"

Nikarudi nyuma. Nikafungua tena ukurasa kwa ukurasa. Paskali naye akatafuta. Kimaren akachukua akatafuta. Basi la wanafunzi lipo, limeokoka. Mama hayupo. Hakuzama wala hakuokolewa. Wamemsahau.

Nikasema, Mama, kitabu hakisemi.

Akainamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, kumbe anacheka. Akasema neno, na kinamama wote wakapasuka kucheka huku machozi yanawatoka. Nikamuuliza Paskali, amesemaje?

Paskali akajifuta uso. "Anasema kiondoe kabisa karibu na jeneza. Asije akafufuka kwa hasira."

Tukamzika Selina bila kitabu. Mama akanirudishia mkononi, akasema, "Angekupigia simu. Kwa hili angekupigia mpaka Krismasi."

Ni kweli. Tangu siku ile hilo ndilo linaloninyima raha. Mwanzo nilidhani nimemnyima jibu. Jibu lenyewe halikuwa na maana. Nilichomnyima ni hasira yake. Zile Alhamisi kumi zilikuwa zake za kufoka: pacha katokea wapi, stendi nani anaifagia, na mama wa watu mmemwacha juu ya maji! Angefurahi kufoka, Mungu wangu. Nami ningekaa hapa nasema, dada, ni kitabu tu. Nikamfungia yote hayo kwenye droo nikisubiri keki ya sherehe yangu.

Kwa Mama yake Selina, kwa Paskali, kwa ukoo wa Tluway na majirani wote wa Kansay, na kwa wahudumu wenzake wanaotandika vyumba vyake sasa, poleni sana. Mungu aupumzishe mgongo wake. Sherehe ya mwezi wa nane haipo, nimeifuta.

Mimi sina mawaidha marefu leo. Namba mbili iko hapa mezani, nje ya droo, imeshapata vumbi. Na wewe unayenisikia, kama una kitu cha mtu umekiweka, unangoja siku nzuri, zima redio. Usingoje nimalize. Zima sasa hivi, umpelekee.