Mkono Ulioshika Rula

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mpiga picha wa idara yetu ya utafiti wa kitabibu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na miwili. Jina lake halisi wanalo watu wa utumishi. Sisi wengine tunamwita Bwana Rula, kwa sababu ya kirula cheupe kinachochungulia kwenye mfuko wa koti lake hata akiwa kwenye foleni ya chai.

Kwa wageni wa hafla wasioijua kazi hii, maelezo kidogo. Daktari akikutana na ugonjwa ambao hajawahi kuuona, au dawa ya kawaida ikileta jambo lisilotarajiwa, huandika ripoti ya mgonjwa huyo mmoja na kuipeleka kwenye jarida la kitabibu ili wenzake wa kwingine wajifunze. Picha inahitajika. Hapo anaitwa Bwana Rula, anaweka rula kando ya kidonda ili msomaji ajue ukubwa wake, anabonyeza, anakwenda zake. Anayeandika wasifu huu ni mhariri wa ripoti hizo, jirani yake wa ukuta mmoja, ambaye amelalamikia redio yake tangu siku ya kwanza na hajasikilizwa.

Alipoajiriwa alipewa kamera nzito ya filamu na chumba cha giza kilichokuwa stoo ya ndoo za kudekia. Tangu hapo amepiga picha za jicho la mtoto lenye ukungu, kucha za mpishi zilizogeuka kijani, uvimbe shingoni mwa mwalimu, mabaka kwenye mgongo wa mkulima aliyenyunyizia dawa shamba akiwa kifua wazi. Watu wa ngozi walidhani ni mtu wao, watu wa macho walidhani ni mtu wao, na madaktari wa upasuaji, kama kawaida yao, walidhani hospitali yote ni yao. Kuna maprofesa kadhaa hapa waliopanda cheo kwa ripoti zenye picha zake. Yeye jina lake lilikaa chini kabisa kwa herufi za kuchungulia, na mara nyingine lilisahaulika kabisa.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wapiga picha wengine humpiga mtu picha ya mwili wote, kisha huukata uso baadaye au hubandika ukanda mweusi machoni. Bwana Rula hakukubali. Uso hakuuingiza kwenye kamera tangu mwanzo, ili asije akatokea mtu wa kuurudisha. Na kila mgonjwa, wakati akimnyooshea kitambaa cha bluu anachokitandika nyuma ya kidonda, alimwambia maneno yaleyale: "Mimi nachukua kidonda tu, shangazi. Uso nenda nao nyumbani, ni wako." Watu walioingia wamejikunyata kwa aibu walitoka wakitabasamu.

Tabia hiyo ilimfuata hadi mtaani. Mkuu wa maabara alipomwoza binti yake, mpiga picha aliyelipwa akaingia mitini, na Bwana Rula akaombwa kuokoa jahazi. Albamu ilipotoka ilikuwa na pete, viatu, masikio yenye hereni, na mikono ya wazee wa pande zote mbili, vyote vikiwa safi ajabu. Nyuso zilikuwa za kutafuta. Mama wa bibi harusi alijitambua kwa mkufu. Keki nayo ilikuwemo, na rula pembeni yake. Mkuu wa maabara yupo kwenye hafla hii na anaombwa radhi kwa mara nyingine.

Siku moja benki, mwanamke alimsalimia kwa furaha nyingi, na Bwana Rula akabaki kumkodolea macho kama mtu aliyedaiwa. Mama wa watu akaelewa, akakunja mkono wa gauni. "Ala, kiwiko," akasema Bwana Rula, na uso wake ukachanua. Wakaongea hadi wakapitwa na foleni. Mwandishi wenu alikuwepo, na alicheka sana siku ile. Baadaye akiwa kwenye kiti chake aliwaza kwamba mwenzetu huyu anafahamiana na nusu ya mji, lakini hakuna hata mmoja wa kumgongea mlango jioni.

Kwa maana Bwana Rula ni mcheshi wa saa za kazi. Saa zikiisha anakuwa mtu mwingine. Anafuta lenzi iliyokwisha kufutwa, anapanga vitambaa vilivyokwisha kupangwa, anaiacha redio izungumze. Ni mpweke, na tumelijua hilo kwa miaka bila kulisema, labda kwa kuogopa kwamba tukilisema itabidi tumkaribishe.

Hakuwa hivi zamani. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kusikika hadi wodi ya pili, na ndiye aliyemshonea vile vitambaa vya bluu. Kisha vidole vyake vikaanza kukaza. Ngozi ilikuwa ngumu na ya kung'aa, hadi akashindwa kutia uzi kwenye sindano. Ulikuwa ugonjwa wa nadra, na dawa aliyopewa ikafanya jambo ambalo daktari wa viungo hakulitegemea: kwa miezi michache vidole vililegea, akashona tena. Daktari akaomba kuandika ripoti. Shemeji yetu akakubali kwa sharti moja. "Anipige mume wangu," alisema. "Mtu mwingine nitamwonea haya."

Bwana Rula akampiga picha kwa mtindo wake uleule, hakumpendelea. Alimpiga wiki baada ya wiki, vidole, viganja, viwiko, ngozi ya shingo. Ripoti ilitoka, na madaktari wa mbali wakaandika kuuliza, na wengine wakatambua ugonjwa ule mapema kwa wagonjwa wao. Humo shemeji yetu anaitwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mshonaji. Mwaka uliofuata mapafu yakashindwa, akafariki. Ndipo mumewe alipogundua kwamba katika mwaka mzima wa mwisho alimpiga picha nyingi kuliko mume yeyote anavyompiga mkewe, na hakuna hata moja yenye uso.

Alirudi kazini baada ya msiba, akapiga picha ya mguu wa mtu. Tangu hapo, kila mchana, aliufunga mlango na kufungua picha moja kwenye kompyuta ya ghala la picha. Mwandishi aliiona siku alipoingia bila kubisha, kwenda kugomba kuhusu redio. Ni picha mbovu. Vidole vya shemeji, vilivyokuwa vimelegea siku hiyo, vimekishika kidole gumba cha mumewe pamoja na rula, na namba zote zimefunikwa. Kwa jarida haina maana. Bwana Rula hufuta picha mbovu palepale bila huruma, na hiyo pekee hakuifuta.

Sasa, picha za ghala hazitoki nje. Hupewa mgonjwa au ndugu yake tu, kwa sahihi ya mtunza ghala, na mtunza ghala kwa miaka yote amekuwa Bwana Rula mwenyewe. Sheria hiyo aliisimamia kikatili. Aliwahi kumnyima profesa mmoja mbele ya wageni. Ijumaa jioni ruhusa yake ya kuingia kwenye kompyuta inafungwa, na ile picha inabaki ndani. Tulimwuliza kwa nini asijiandikie ruhusa tu. "Nijiombe, halafu nijikubalie?" alijibu. "Nani atacheka kwanza, mimi au mimi?" Akageukia redio.

Kamati ilipotafuta picha yake ya jalada la programu hii haikupata. Kila siku kubwa ya hospitali, yeye alikuwa nyuma ya kamera. Ndiyo maana jaladani mnaona kitambaa cha bluu kitupu, na tunaomba msimlaumu mchapaji.

Bwana Rula, haya ya mwisho ni yako. Jumanne ulimkabidhi mpiga picha mpya funguo za ghala. Jumatano alituomba tusikuambie kwamba kazi yake ya kwanza kama mtunzaji ilikuwa kutia sahihi fomu ya kutoa picha moja, na kwamba ndugu wa mgonjwa anayetajwa humo ni wewe. Bahasha iko chini ya kiti ulichokalia. Picha hatukuichapa humu, maana ungetugombeza, na ungekuwa na haki. Tunakushukuru kwa kila mtu aliyetoka chumbani kwako akiwa na heshima yake. Jumapili mchana mhariri atakuja kugonga mlango wako, na atalalamika kuhusu redio. Tunakuombea miaka mirefu na afya njema. Fungua bahasha ukiwa tayari. Hiyo nenda nayo nyumbani, ni yako.