Ufa Chini ya Kiti cha Dereva

Kaeni karibu, wanangu, wewe mama, binti yangu, upande huu wa kichwani, na wewe baba, kijana wangu, hapo miguuni, mniache niseme mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia maneno.

Nyumba mtagawana wenyewe; hamjawahi kugombania vyumba, sidhani mtaanza leo. Gereji ni yako, baba, pamoja na mashine zake na wale mafundi wawili wabishi. Wavumilie, kazi wanaijua.

Linalonikaa moyoni ni lile gari jekundu la mbio, la viti viwili, nililolinunua likiwa chuma chakavu mwaka aliozaliwa dada yako, nikaliunda upya bolti moja moja. Mnajua nilivyolisifu. Kila gari jipya likipita nilisema magari haya ni mabati na waya tu, chasi za kweli, mifupa inayobeba gari, ziliacha kutengenezwa zamani.

Mama, siku uliyorudi kutoka chuoni, mhandisi kamili, uliingia uvunguni na tochi, ukatoka na grisi shavuni, ukaniambia kwa adabu kwamba chasi ile inajipinda kwenye kona, chuma kimechoka, na kwamba magari ya sasa yanaundwa yasijipinde namna hiyo. Ukanipa na mchoro wa kuiimarisha. Nami, mbele ya mafundi, nikakujibu, "Wewe umelalia vitabu, mimi nimelala chini ya magari miaka thelathini." Wakacheka. Wewe hukucheka wala hukulia. Ulifuta mikono, ukaniaga, na kwa miaka sita ukawa unakuja kunijulia hali kama jirani.

Sasa sikilizeni nisilomwambia hata marehemu mama yenu. Wiki ileile niliinua gari kwa jeki, nikaukuta ufa chini ya kiti cha dereva, mrefu kama kidole changu hiki cha kati, palepale ulipopachora wewe, mama. Nikafunga mlango wa gereji, nikauchomelea kiraka peke yangu, nikapaka rangi juu. Kisha nikaendelea kumbeba mama yenu ndani yake, yeye anaimba, mimi nahesabu kona.

Mwaka jana ukanipandisha kilimani na gari jipya ulilolisanifu wewe na wenzako. Kwenye kona kali ya machimbo nilishika mlango kwa mazoea, nikingoja mtikisiko. Haukuja. Gari lilitulia barabarani, breki zikashika bila kuyumba, nikajua nimeshindwa, na nilifurahi sana, mwanangu. Ukaniuliza, "Vipi, baba?" Nikajikaza, nikakujibu, "Viti vigumu." Nisamehe. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza.

Si kwamba la zamani ni bure. Ukishika usukani wake unaisikia barabara, changarawe na unyevu, ilhali la kwako limenyamaza kama mgeni. Hapo sikubali kushindwa. Lakini kulipenda gari ni jambo moja, kulikabidhi roho ya mtu ni jambo jingine.

Kwa hiyo, baba, najua umejiandikisha na gari lile jekundu kwenye mashindano ya kilimani mwezi ujao. Usiliwashe. Gari nampa dada yako. Usinune, wewe ndiye uliyeliosha miaka yote, na utaliendesha wewe, ila siku atakayosema yeye kwamba liko tayari. Mchoro wake upo kwenye droo ya spana, chini kabisa, sikuutupa. Fungueni sakafu, toeni kiraka changu, yeye apime, wewe uchomelee. Msimwachie fundi mwingine.

Niinulieni mto kidogo... hapo, basi. Mungu awatunze barabarani na nyumbani. Awape watoto watakaowabishia, na nyinyi awape masikio mapema kuliko mimi. Radhi yangu mnayo, wote wawili, sijabakiza.

Mama... sogea. Ile chasi, ulivyotaka kuiimarisha... nieleze tena, tangu mwanzo. Taratibu tu. Leo nasikiliza.