Nyungunyungu wa Mjomba Eino

Benchi letu liko mbele ya duka la chambo la Marlys, upande wa barabara unaotazama ziwa. Asubuhi ile ya Julai maji yalikuwa yameshapata joto, vidagaa havifai tena kwa chambo, na kila aliyekwenda kuvua wolai, samaki wetu wa macho ya kioo, alitoka dukani na kopo la nyungunyungu wa usiku, wale wanene wanaookotwa kwenye nyasi baada ya mvua. Mjomba wangu Eino hakununua kopo. Alikuwa amebandika tangazo dirishani: boti inauzwa. Tangu apate kiharusi majira ya baridi, mkono wake wa kulia unatetemeka, na katika ukoo wetu asiyeweza kutunga chambo chake mwenyewe kwenye ndoana hapandi boti. Sheria hiyo iliniacha gatini kiangazi kizima nilipokuwa na miaka sita. Haijapata kulegezwa kwa mtu yeyote.

Waliokuwa benchini wakimtafutia dawa ni wawili. Delmar, shemeji yake, tunamwita Nusu kwa sababu humkata kila nyungunyungu vipande viwili. Arvid tunamwita Friji, maana huwafuga kwenye friji ya mkewe, kando ya siagi.

— Shemeji, ukimkata anakuwa mfupi, anashikika, alisema Nusu. Hata kwa mkono huo utaweza.

— Kipande ni cha samaki wa watoto, alisema Friji. Wolai anataka mzima, achomwe kichwani tu, mwili wote ufuate umenyooka. Akianza kuzunguka kama pangaboi, wolai huyoo, anaondoka.

— Wewe wolai ulimpata lini? Mwaka jana ulirudi na soli ya kiatu.

— Ilikuwa nzito, usiidharau.

Mjomba alikunywa kahawa yake. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto.

— Tatizo si urefu, Friji akaendelea. Tatizo ni utelezi. Mgaragaze kwanza kwenye vumbi la mbao.

— Uvue naye au umkaange?

— Basi mgandishe. Mweke kule juu kwenye barafu mpaka awe kama msumari. Halafu unampigilia tu kwenye ndoana.

— Kwa nyundo? Ndani ya boti? Mtazama wote!

— Haya, sikia hii sasa. Si watu wanampuliza hewa kidogo mkiani kwa bomba la sindano, ili aelee juu ya tope? Eino yeye asimpulize kidogo. Amjaze! Awe kama soseji. Hapo hata mtu aliyevaa glavu za theluji atamtunga.

— Atapaa, Friji. Tutakuwa tunavua kunguru.

Marlys alicheka huko ndani. Mjomba hakucheka.

— Yaacheni, alisema. Boti inauzwa.

Ndipo akaja mwanamke mmoja aliyevaa buti mpya za mpira. Alikuwa amehamia kwetu tangu theluji ilipoyeyuka, anafanya kazi posta. Alisimama dirishani, akasoma, akatugeukia.

— Habari za asubuhi, wazee. Boti ni ya nani?

— Yangu, alisema mjomba.

— Ina kasoro gani?

— Haina.

— Sasa mbona unaiuza?

Mjomba akatazama ziwa. Nusu akamjibia. Akamweleza habari ya kiharusi, ya mkono, na ya sheria ya ukoo, na Friji akaongeza habari ya soseji bila kuombwa. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwani huyo samaki, aliuliza, anajua ni nani aliyemtunga nyungunyungu?

Mimi ndiye ninayetunza habari za ukoo wetu, na najua nani aliinunua ile boti na nani aliitoboa. Swali hilo halijapata kuulizwa kwetu.

— Wewe unajua kutunga? mjomba alimuuliza.

— Hata kumshika sijawahi.

— Unawaogopa?

— Kidogo.

— Basi sikuuzii. Siwezi kumpa boti mtu asiyejua kutunga.

— Shemeji, alisema Nusu, mbona unamfukuza mteja?

— Nani kamfukuza?

Mjomba aliweka kikombe chini, akautoa mkono wa kulia mfukoni na kuuweka gotini, mbele yetu sote, ukitetemeka.

— Mama, kesho saa kumi na moja alfajiri uwe gatini. Kopo nitanunua mimi. Nitakwambia ushike wapi na uchome wapi.

— Na sisi? alisema Friji. Tumekushauri tangu alfajiri!

— Nyinyi mnajua kila kitu. Huyu hajui, atasikiliza.

Kisha akamgeukia mwanamke tena.

— Mimi nitaleta mdomo. Mikono uje nayo wewe.