Bi Jagi na Oili Isiyoonekana Sakafuni

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa kitengo cha mota za haidroli, zile zinazozungushwa kwa msukumo wa oili, anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu miaka thelathini na mmoja. Jina lake limo kwenye kitambulisho. Sisi tunamwita Bi Jagi, naye anaitika.

Alianza kama mwosha vipuri, akapanda hadi ufundi kwa ubishi. Hakuwahi kuiamini mota kwa kuitazama. Aliiwasha, akaitwisha mzigo, akachomoa mpira mdogo unaorudisha kwenye tangi oili iliyovuja, akaikinga kwa jagi dakika moja aone imefika wapi. Kila mota ya pistoni huvuja kidogo ndani kwa ndani, na hicho kidogo ndicho kinacholainisha vyuma. Kikizidi, pampu inahangaika bure, mota inachemka na mzigo haupandi. Shemeji yetu, mumewe, analalamika kwamba hata bomba la jikoni kwao limeshapimwa.

Wengi tunamkumbuka kwa mwaka ule mbaya. Mota za winchi, mashine za kupandishia mizigo, tulizozitengeneza zilirudi moja baada ya nyingine, zimechoka kuliko zilivyokuja. Uongozi ukaamua kitengo kifungwe, nasi tutafutiwe nafasi pengine, kama zingepatikana. Nje mota zilikuwa kavu na sakafu inang'aa, lakini jagi lilifurika. Tulibadilisha sili, zile pete za kuzuia oili isipenye, tukakaza bolti, tukailaumu oili. Bi Jagi aliomba muda kidogo, akaahirisha likizo yake na kuifungua mota ileile mara tatu.

Kikulacho ki nguoni mwako: kosa lilikuwa kwenye beseni letu la kuoshea vipuri. Pistoni zote zilioshwa humo pamoja, kisha kila moja ikarudishwa kwenye tundu lolote lililo wazi. Kumbe pistoni na tundu lake hulika pamoja na kuzoeana. Ukiihamisha, oili inapata mwanya. Na beseni hilo, jamani, lilikuwa utaratibu wake mwenyewe, uliomletea sifa za usafi. Angeweza kunyamaza. Alituita sote, akasema, "Beseni ni langu na kosa ni langu. Kuanzia leo hakuna pistoni itakayolala kwa jirani."

Tulicheka, yeye hakucheka. Alichukua drili akalitoboa beseni mbele yetu.

Mota iliyofuata ilitoa oili ya kufunika kitako cha jagi tu. Winchi ikapandisha mzigo na kuushikilia. Kitengo hakikufungwa, na watoto wetu wakaendelea na shule. Hilo hatutalisahau.

Bi Jagi, umeomba ubaki hadi mota iliyoko mezani ipimwe, nasi tumekukatalia kwa heshima zote. Asante, dada yetu. Tunakupenda, na tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maisha mema pamoja na shemeji. Jumatatu tutaipima wenyewe. Ikivuja kupita kiasi, hatutailaumu oili. Kila mmoja wetu ataanza kwa kuikagua mikono yake.